Naombeni ushauri: nyota isiyo na moto ndani yake inaunguzaje jirani?

MwalimuFizikia:
Wakuu, habari zenu. Kesho kutwa nina kipindi cha anga na kuna swali limenikwamisha. Niliwasimulia wanafunzi habari za pulsa PSR B1957+20 (pulsa ni kiini kizito kilichobaki cha nyota iliyokufa, kinachojizungusha kwa kasi), iliyogunduliwa mwaka 1988 kwa darubini ya redio ya Arecibo. Inazungukwa na kibete kahawia (gimba zito kuliko sayari, dogo mno kuwaka kama nyota), mzunguko mmoja saa 9 na dakika 10. Upande wa kibete unaoelekea pulsa umefika kelvini 8,000 hivi, moto kuliko uso wa Jua. Binti mmoja akauliza: "Mwalimu, nyota yenyewe upana wake kama kilomita 20 tu, na ndani haichomi tena kitu. Joto linatoka wapi?" Nilimwahidi jibu. Nimefikiria tochi na mpira, ila nahofia nitawapotosha.

Mkesha:
Mwalimu, acha tochi, peleka pia, kile kichezeo cha watoto cha kuzungusha. Izungushe mezani, waache waitazame ikilegea mpaka ianguke, kisha uliza nguvu yake imekwenda wapi. Pulsa hiyo inajizungusha mara 622 kwa sekunde, na usumaku wake unaifunga breki polepole. Nguvu inayopotea hutoka kama miale ya gama na upepo wa chembe zinazokaribia mwendo wa mwanga. Kibete kiko kilomita kama milioni 2 tu kutoka hapo, mara 5 hivi ya umbali wetu na Mwezi. Kinapigwa na upepo huo mchana kutwa, na upande ule hauna usiku.

Nuru_ya_Mbali:
Mimi tochi ningeibakiza, kwa ajili ya hilo la mwisho. Chora alama kwenye mpira, uuzungushe kandokando ya tochi huku alama ikiitazama muda wote. Mgongoni mwa kibete ni kelvini 2,900 hivi. Ndiyo maana tukikitazama kutoka huku kinang'aa, kinafifia, kinang'aa tena kila mzunguko.

Mkesha:
Jambo moja nakuomba urekebishe, Mwalimu. Uzito wake ni wa kibete kahawia, makumi kadhaa ya Mshtarii, lakini hakikuzaliwa hivyo. Kilikuwa nyota kamili. Gesi yake ndiyo iliyomwagikia pulsa ikaizungusha kwa kasi hiyo, na sasa pulsa inakipeperusha mabaki. Ndipo likaja jina la mjane mweusi, yule buibui jike anayemla mwenzi wake.

MwalimuFizikia:
Kumbe! Hilo sikulijua. Wakiniuliza ushahidi wa kupeperushwa?

Mkesha:
Kila mzunguko, kibete kikipita mbele, mawimbi ya redio ya pulsa hukatika kwa dakika 50 hivi. Mwili wa kibete peke yake ni mdogo mno kuziba muda wote huo. Kinachoziba ni wingu la gesi inayochomoka kwake.

MwalimuFizikia:
Ahsanteni sana, wakuu. Pia hiyo ninayo nyumbani. Binti yule ndiye atakayeizungusha.