MREJESHO: Gia ya tano iliyokuwa inalia na kuchomoka

Wakuu, nilileta hapa swali la pikapu yangu ya 4WD: gia ya tano inalia, kisha inachomoka nikitoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, kwenda Magu na shehena ya dagaa.

Giaboksi imefunguliwa jana, Mabatini. Meno ya gia ya tano yamelika hadi kuwa na ncha kama msumeno, na sumaku ya nati ya kumwagia oili imejaa chenga za chuma. Kwenye boksi hili gia hiyo iko nyuma kabisa; oili ikipungua, gia hiyo ndiyo inakosa oili kwanza. Nami nilikuwa naielemea: napandia vilima na tano, injini ikikoroma.

Ringi za shaba (zile zinazosaidia gia kuingia bila kukwaruza) zimelika pia. Nadhani ni kwa sababu niliwahi kuweka oili ya giaboksi ya daraja la GL-5, ambayo dawa zake zinaweza kula shaba, badala ya GL-4.

Sasa nikiwa na mzigo naishia ya nne. Asanteni mno mlionisisitiza niifungue mapema, shafti imepona.