Tupeane uzoefu: Siku ya Mashujaa huko kwenu mnaikumbukaje?

MwanaMuleba

Wakuu habari za jioni. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa yetu Tanzania, inakaribia na najua kwenye TV tutaona gwaride, Rais anaweka mkuki na ngao, mabalozi wanaweka maua, basi. Mi nataka ya huko chini, mtaani, kijijini, kwenye familia. Wenye baba, kaka, mume, babu aliyekufa vitani, mnamkumbukaje? Na ibada au kisomo mnafanya wenyewe au mnasubiri ya serikali?

Nianze na kwetu. Mimi ni wa Muleba, na sisi tuna Kaboya, pale kambini ndipo wamelala wanajeshi wetu wa vita ya Kagera. Ukiwa mtoto wa huku hiyo vita hausomi kitabuni, unaikuta jikoni. Bibi yangu alikuwa anahesabu umri wa watu kwa vita, huyu kazaliwa kabla ya Idi Amin wa Uganda kutuvamia huyu baada ya Amin. Amin aliingia mwishoni mwa Oktoba 1978, akalipua daraja la Kyaka, watu wa ng'ambo ya mto wakakimbia na vyungu kichwani na ng'ombe wao wakachukuliwa, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akasema redioni uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Bibi alikuwa anayasema hayo maneno kwa sauti ya Mwalimu kabisa, na mkono anainua.

Sasa siku ya kumbukumbu pale Kaboya watu wa vijijini huwa wanakuja wenyewe, wengine hawana hata ndugu pale. Kinachonigusa mimi ni hao. Kuna akina mama wanakuja na kanga zao nzuri wanakaa mbali na hema la wageni, wakisikia buruji wanainama. Ukimuuliza mama una nani hapa anakwambia sina mtu, ila hawa watoto walitoka mbali wakafia kwetu, mama zao hawawezi kufika kila mwaka, nani atawalilia? Kihaya msiba haubebi peke yako, jirani lazima afike, na wale wamezikwa kwetu kwa hiyo ni majirani.

Karibuni, msiogope kuandika ndefu.

MtotoWaMgambo

Mkuu umenitoa machozi hapo kwa hao akina mama, sikuwahi kujua. Mimi ni wa Tabora, baba yangu hakuwa mwanajeshi wa kudumu, alikuwa mgambo, alikuwa na shamba lake la tumbaku na baiskeli, wakaitwa wakaenda. Walipanda treni hadi Mwanza halafu meli hadi Bukoba, hiyo ndio sehemu ya mwisho tunayoijua kwa uhakika maana aliituma kwa mdomo kupitia mtu aliyerudi. Nilikuwa tumboni. Kampala ilianguka 11 Aprili 1979 watu wakashangilia mitaani, mama alikuwa ananinyonyesha na hana habari yoyote. Taarifa ilikuja baadae sana wenzake walivyokuwa wanarudi.

Sisi ni Waislamu na mwili haukuja, kwa hiyo mama alikaa eda bila kaburi. Kila mwaka nyumbani tunasoma hitma. Zamani tulikuwa tunaisoma mwezi wowote pesa ikipatikana, baadae kaka yangu mkubwa akasema tuiweke 25 Julai ili wajukuu wakiona TV wajue na babu yao yumo. Asubuhi tunawasha TV, wanapiga ule mzinga wa kwanza, wote kimya, mzinga wa pili, halafu shekhe na padre na mchungaji na wa Kihindu wanaomba dua, tunaitikia amina zote hatuchagui, halafu tunazima TV tunaanza kisomo chetu. Mchana pilau. Mama sasa hivi mzee anauliza kila mwaka swali hilohilo, "hivi hapo wanapoweka ngao ndo kalala baba yenu?" Tukimwambia hapana mama ule ni mnara tu anasema haya, basi wamwekee tu.

Swali kwako mwenyeji, mtu wa nje anaruhusiwa kuingia hapo Kaboya siku ya kawaida?

BurujiMstaafu

Poleni wote. Mimi nimelitumikia jeshi na nimekuwa kwenye bendi, nimesimama kwenye hizo shughuli miaka mingi, wacha niwape ya upande wetu maana raia mnaona tumenyooka tu mnadhani hatusikii kitu.

Gwaride la maombolezo sio kama la sherehe za Uhuru. Mwendo ni wa pole, na kuna mahali askari anageuza silaha mtutu chini, anainamisha kichwa. Hiyo inafanyiwa mazoezi mpaka mikono inauma, kwa sababu kutembea polepole kwa pamoja ni kugumu kuliko kukimbia, wenzangu wa kwata wananielewa. Sisi wa buruji ndo kabisa, ukipuliza ile ya maombolezo ikakatika katikati taifa zima limesikia, na asubuhi ya Julai midomo imekauka. Afande wetu alikuwa anatukataza kufikiria marehemu tunayemjua. Alisema lia ukimaliza. Nilikuwa na rafiki yangu aliyekufa kwenye ulinzi wa amani Darfur, Sudan, tarehe 13 Julai 2013, walipovamiwa wakiwa doria wakafa 7 siku moja, na tarehe 25 ya mwezi huohuo nikatakiwa kupuliza. Nilipuliza. Niliyoyafanya nyuma ya basi baada ya hapo ni yangu.

Na vijana muelewe zile silaha zinazowekwa mnarani, kila moja ina mtu wake. Rais mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mshale, halafu mzee mmoja wa wapiganaji wa zamani anaweka shoka. Miaka hiyo shoka lilikuwa linabebwa na wazee wa Keya (KAR, jeshi la mkoloni Mwingereza) waliopigana mpaka Burma, mzee anatetemeka lakini akifika mbele ya mnara anasimama kama kruta. Na usiku wa kuamkia siku hiyo saa 6 kuna Mwenge wa mashujaa unawashwa, unazimwa saa 6 usiku unaofuata. Wengi hawaujui kwa sababu wamelala, nendeni siku moja, hakuna hotuba.

KijiweChaPosta

Kwetu wilayani ni usafi tu sikatai, tunafagia soko mkuu wa wilaya anapiga picha na fagio tunatawanyika. Mashujaa wenyewe hawatajwi hata jina moja. Wangesoma angalau majina ya waliotoka wilaya hii, si wapo?

MtotoWaMgambo

@KijiweChaPosta hiyo ya kusoma majina ningetembea kwa mguu kuisikiliza.

KakaWaEldoret

Mambo vipi majirani, niruhusiwe nami nichangie kutoka Kenya. Huku kwetu Eldoret tarehe 15 Januari haiwezi pita hivi hivi. Ile 2016 Al-Shabaab walivamia kambi yetu ya El Adde huko Somalia, na wengi wa vijana walitoka kikosi cha 9 KR (Kenya Rifles) hapa Moi Barracks, kwa hiyo mji mzima ulikuwa na mtu. Mama mboga alikuwa na customer amepotea, makanga walikuwa wanajua nani hajarudi. Ibada kubwa ilifanywa hapo barracks Januari 27, Rais Uhuru alikuja, Buhari wa Nigeria akaja, na Rais wa Somalia. Mimi nilisimama nje kwa fence. Lakini ile ibada iliniguza zaidi ni ya kanisa letu ndogo mwaka uliofuata, pastor alisema kila mwenye amepoteza mtu aweke kiti mbele. Tukadhani viti viwili vitatu. Mazee, watu walibeba viti mpaka waliobaki tukasimama ibada yote.

Na hapo hapo mwezi huo kambi yetu ingine Somalia, Kulbiyow, ikavamiwa, Januari 27. Tarehe ile ile ya ibada, mwaka mmoja baadae.

dada_wa_Mtwara

Jamani na sisi kusini msitusahau, Naliendele kuna makaburi ya wanajeshi wetu waliokufia kwenye ukombozi wa Msumbiji. Baba mkwe wangu ni mtu wa Newala, anasema utotoni kwao walikuwa wanasikia mabomu ya Mreno ng'ambo ya Ruvuma kama ngurumo. Yeye kila mwaka anakwenda Naliendele na anakwenda 25 Julai, ila pia 25 Juni, siku Msumbiji ilipopata uhuru 1975, anasema hiyo ya Juni ndio anawapelekea majibu.

Upande wangu mwenyewe mdogo wangu alikuwa Kongo kulinda amani, kule Semuliki karibu na Beni, waliposhambuliwa Desemba 7, 2017. Yeye alirudi, wenzake 14 waliletwa kwenye majeneza yenye bendera. Hataki kwenda kwenye kumbukumbu yoyote. Nyie mnaofanya ibada za nyumbani, mtu wa hivi mnamshirikishaje? Nimejaribu kumlazimisha tukagombana.

BurujiMstaafu

Dada usimlazimishe. Mpe kazi ya mikono, achinje kuku, akoleze mkaa, apange viti. Sisi tuliorudi kukaa tu tukitazamwa ndo kugumu. Akitaka kusema atasema akiwa anamenya vitunguu.

MwanaMuleba

@MtotoWaMgambo nilikuwa sijakujibu samahani. Kaboya iko ndani ya eneo la jeshi kwa hiyo usiende kimyakimya, njoo na kitambulisho, fika getini ueleze wewe ni familia, na picha omba ruhusa kwanza. Kama unamleta mama msije siku yenyewe, kuna jua na kusimama kwingi, njooni siku moja kabla mlale kwetu. Julai ni kiangazi, vumbi la huku jekundu, asivae nyeupe. Mke wangu anauliza mama anakula ndizi au tumpikie ugali?