Nimpeleke shangazi kwenye kabare ya Paris, au nitaumbuka?

Mkaazi_wa_Lyon: Ndugu zangu, naomba ushauri. Shangazi yangu, ambaye kwa miaka mingi amekuwa somo wa mabinti huko Tanga, atanitembelea Ufaransa mwezi ujao, na ameshaniambia kwamba anataka kuiona "ile ngoma ya kupandisha magauni". Nimeona tiketi za kabare mbili, yaani kumbi za maonyesho ya usiku, Moulin Rouge na Crazy Horse, lakini sijui tofauti yake, na naona haya kukaa naye meza moja mbele ya wachezaji walio vifua wazi. Je, ile ni sanaa, au ni uchi unaouzwa ghali?

Bi_Marinda: Mpeleke Moulin Rouge. Ukumbi huo ulifunguliwa mwaka 1889 chini ya kilima cha Montmartre, na kankani, ndiyo hiyo ngoma ya kupandisha magauni, ndiyo iliyoupa umaarufu: mchezaji hukamata marinda ya gaguro lake kwa mikono miwili, huinua mguu mpaka usawa wa sikio, huzunguka kwa mguu mmoja, kisha huruka na kutua sakafuni kwa kupiga msamba, huku akipiga mayowe na kutabasamu kana kwamba hakuumia. Vifua wazi vipo, sikufichi, lakini baada ya dakika chache jicho hufuata manyoya na hatua. Chakula cha jioni si lazima, kipo ghali.

Taa_na_Kivuli: Nampinga kidogo Bi Marinda. Crazy Horse, iliyoanzishwa na Alain Bernardin mwaka 1951, ndiyo yenye ufundi wa mahaba hasa. Jukwaa lake ni dogo, wachezaji huchaguliwa wafanane kimo, na nguo yao kubwa ni mwanga wenyewe, kwa kuwa michirizi na madoa ya rangi hutupwa juu ya miili yao hata usijue ngozi inaishia wapi na kivuli kinaanzia wapi. Mtu aliyefunda mabinti ataelewa mara moja kwamba kinachovuta pale ni kile kinachocheleweshwa.

Msomaji_wa_Zamani: Msimsahau Josephine Baker, Mmarekani mweusi aliyetikisa ukumbi wa Folies Bergère, Paris, mwaka 1926 akiwa na sketi ya ndizi bandia. Watazamaji walijidanganya kwamba wanaiona Afrika, ilhali yeye alizaliwa St. Louis, Marekani; binafsi naamini alilijua hilo na akawachezea akili zao.

Mkaazi_wa_Lyon: Asanteni sana. Nimemsomea shangazi majibu haya kwenye simu. Kuhusu mateke ya kankani amesema, "Miguu nimeisikia, kiuno je?" Nimekata tiketi mbili za Crazy Horse, naye anauliza kama wageni huruhusiwa kuingia na kanga, endapo patahitajika kuwaonyesha namna inavyofungwa kiunoni.