Tiba shufaa nyumbani, nitajuaje kama huduma ni nzuri?

Binti_Wete: Asalaam alaykum jamani, bimkubwa ana saratani, hospitali wamesema tumuuguze nyumbani, kuna watu wa tiba shufaa huku, yaani wale wa kumpunguzia mgonjwa mahututi maumivu na mateso, wanakuja kumuona, sasa nitajuaje kama kazi wanaijua au wanakuja kutupa pole tu?

NesiMstaafu: Waalaykum salaam. Angalia maumivu kwanza. Morfini ya maji, ile dawa kali ya maumivu, inapewa kila baada ya masaa 4, si mpaka mgonjwa alie, na anoijua kazi atakupa na dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo maana morfini inafunga choo vibaya sana. Tena amgeuze, atizame mgongo na visigino kama vina vidonda. Akikaa kitini na daftari lake tu, huyo hamna kitu.

wa_mkoani: morfini si ndo wanampa mtu akishakuwa wa kufa?? mamangu mdogo aliikataa

NesiMstaafu: La mwanangu, ni ya maumivu, kuna watu wanaitumia miezi.

Binti_Wete: Loh, visigino hawajavitizama hata siku moja! Wakija nawauliza. Na namba ya kupiga usiku je?

NesiMstaafu: Idai. Wakikupa, ijaribu usiku kweli.