Zoezi la dharura maabara: zamu ya usiku waambiwe au wasiambiwe?

Msimamizi_Bakteria:
Wakuu, habari za kazi. Nimepewa jukumu la kupima utayari wa maabara yetu ya hospitali. Miaka yote tunakaa mezani, tunasomewa kisa, kila mtu anajibu vizuri, tunasaini. Lakini mwaka jana chupa ya damu ya mgonjwa mwenye homa ndefu iliota bakteria siku ya 3. Kwenye slaidi niliona vijidudu vidogo mno, wekundu umefifia, kama vumbi la mchanga. Mashine ikataja jina la bakteria wa kawaida, nasi tukaendelea kufungua pleti (visahani vya kuoteshea bakteria) juu ya meza. Kumbe ni Brusela, bakteria anayeambukiza kirahisi watu wa maabara kupitia hewa. Wanne tulimeza dawa za kinga, doksisaiklini na rifampisini, wiki 3, na vipimo vya damu vikaendelea hadi wiki ya 24. Mmoja wetu ananyonyesha. Sitaki kuyaona tena.

Safari hii nafikiria kupenyeza sampuli ya zoezi usiku bila kutangaza. Ni haki kwa wenzangu? Na niweke nini ndani?

Pleti_na_Kitanzi:
Pole sana. Kimelea hatari usiweke kabisa. Weka bakteria salama anayeshabihiana naye kwa umbo, hatari ibaki kwenye maelezo ya fomu. Mkuu wa maabara na daktari wa zamu wajue mapema, la sivyo mgonjwa wa kubuni ataripotiwa wizarani kama wa kweli. Wanaopima sampuli wasijue siku, ila wajue kwamba zoezi lipo mwezi huu na hakuna atakayeadhibiwa.

Zamu_ya_Usiku:
Naongezea: usiishie kwenye slaidi. Kwetu kijana alishuku vizuri, akaacha pleti, akahamia kwenye kabineti ya usalama, ile inayozuia vimelea kusambaa hewani. Saa nane usiku akataka kifungashio cha tabaka tatu apeleke sampuli maabara ya rufaa. Kipo, stoo imefungwa, ufunguo kaondoka nao mtu wa mchana. Andika muda wa kila hatua: kushuku, kupiga simu, kufunga, kukabidhi kwa dereva. Nchi ikishatathmini tukio zito ina saa 24 kuliarifu Shirika la Afya Duniani (WHO), lakini hiyo saa haianzi kuhesabiwa kama sampuli imelala kwenye friji yetu.

Msimamizi_Bakteria:
Asanteni mno. Nimepiga sasa hivi namba ya dharura iliyobandikwa mlangoni. Haipatikani. Naanzia hapo, chupa itafuata.