Mifupa mitatu ya sikio la kati inakuza nini hasa?

mwl_bios:
Wakuu, kitabu cha kidato cha pili kinasema nyundo, fuawe na kikuku "hukuza sauti", basi, kimeishia hapo. Mwanafunzi kauliza: mifupa haina betri, hiyo nguvu ya kukuza inatoka wapi? Naomba jibu lenye hesabu. Na sikio lisiposikia, tunajuaje kama kosa liko kwenye mifupa au kwenye koklea (sehemu ya kusikia ya sikio la ndani)?

nyenzo_tatu:
Mwanafunzi wako yuko sahihi, kitabu ndicho kilichoteleza. Mifupa haiongezi nishati hata chembe. Inachoongeza ni presha.

Koklea imejaa majimaji. Sauti ya hewani ikigonga majimaji, karibu yote hurudi ilikotoka; inayopenya ni kama sehemu 1 kwa 1,000, hasara ya desibeli 30 hivi. Sasa angalia maeneo. Sehemu ya kiwambo cha sikio inayotikisika ina takriban milimita za mraba 55. Wayo wa kikuku, unaokaa kwenye dirisha la duaradufu (tundu la kuingilia koklea), una kama 3.2 tu. Nguvu ileile ikiminywa kwenye eneo dogo hivyo, presha inapanda mara 17. Mkono wa nyundo nao ni mrefu kuliko wa fuawe, kwa hiyo kuna wenzo wa mara 1.3. Zidisha: mara 22, yaani desibeli 27 hivi. Hasara karibu yote imefidiwa, bila betri.

dirisha_la_duara:
Hesabu nzuri, ila umesahau njia ya kutokea. Majimaji hayashindiliki. Kikuku kikiingia ndani, lazima utando wa dirisha la duara, lililo chini kidogo, ufutuke kuelekea sikio la kati. La sivyo kikuku hakisogei.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hawalitarajii: mifupa ikiachana huku kiwambo kikiwa kizima, mtu hupoteza hadi desibeli 60, zaidi ya yule aliyepoteza kiwambo na mifupa pamoja. Kiwambo kizima kisichounganishwa na kitu ni ukuta tu, kinazuia hata ile sauti kidogo ambayo ingefika dirishani.

Na betri ipo, mwalimu, ila si kwenye mifupa. Ndani ya koklea kuna mfereji wenye majimaji yaliyojaa potasiamu, na umeme wake ni kama milivolti +80 ukilinganisha na majimaji ya jirani. Umeme huo ndio unaosukuma potasiamu kuingia kwenye seli zenye vinyweleo vinapopindishwa. Seli za safu ya ndani ni kama 3,500 na ndizo zinazopeleka taarifa kwenye neva ya kusikia. Za nje ni kama 12,000, katika safu tatu, na kazi yake ni kurefuka na kufupika kwa mdundo wa sauti yenyewe ili kuukoleza mtikisiko. Huko ndiko kukuza kwa kweli. Kelele za mashine, na dawa za kuua bakteria kama gentamaisini na streptomaisini, huanza kuziua hizo za nje, hasa zilizo karibu na kikuku, ndiyo maana sauti nyembamba hupotea kwanza. Kwa binadamu hazioti tena.

uma_512:
Kuhusu kupima: tumia uma wa sauti (chuma chenye meno mawili kinacholia kikigongwa) wa hezi 512. Ugonge kwenye kiwiko au goti, si kwenye meza. Simamisha shina lake kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio. Mpimwaji akisema sauti imekwisha, peleka meno ya uma mbele ya tundu la sikio, sentimita 2 au 3. Akisikia tena, njia ya hewa ni nzuri kuliko ya mfupa, kama inavyotakiwa. Asiposikia, shuku nta, maji, kiwambo au mifupa.

Usiishie hapo. Sikio lililokufa kabisa hudanganya, kwa sababu mtetemo hupita kwenye fuvu na kusikiwa na sikio la pili. Weka shina katikati ya paji la uso na uulize sauti iko upande gani. Ikienda kwenye sikio bovu, kosa liko kabla ya koklea. Ikienda kwenye sikio zima, kosa liko kwenye koklea au neva. Hilo likitokea ghafla ndani ya siku chache, apelekwe kwa daktari wa masikio siku hiyohiyo, asisubiri dawa za matone.

mwl_bios:
Asanteni sana. Maabara yetu ina wa hezi 256. Utafaa?

uma_512:
Kwa kuonyesha darasani, ndiyo. Kwa kupima, haufai sana: mtetemo wake huhisiwa kwenye mfupa kama mguso, na mtu anajibu "nasikia" wakati anauhisi tu. Wa 1,024 nao hunyamaza mapema mno.