Basi la Ken Kesey la mwaka 1964: Magic Trip, kitabu cha Tom Wolfe, au Freedom Riders?

Mwalimu wa Zamu

Ndugu zangu, naomba ushauri. Nimepewa jioni moja ya kuwaonyesha filamu wanafunzi wanaosoma historia ya Marekani ya miaka ya 1960, na muda wote, mjadala ukiwamo, ni saa tatu. Nataka waelewe kwa nini vijana wengi wa tabaka la kati, waliolelewa bila kukosa kitu, waliyakataa maisha ya wazazi wao.

Nimebakiwa na njia tatu. Ya kwanza ni Magic Trip, filamu ya hali halisi ya Alex Gibney na Alison Ellwood iliyotoka mwaka 2011, yenye dakika 107, inayofuata safari ya mwandishi Ken Kesey na wenzake kutoka California hadi New York mwaka 1964, ndani ya basi kuukuu la shule lililoundwa mwaka 1939. Ya pili ni kuwapa sura kadhaa za kitabu cha Tom Wolfe cha mwaka 1968 kuhusu safari hiyohiyo, kisha tujadiliane bila filamu. Ya tatu, ambayo mwenzangu wa idara anaisisitiza, ni Freedom Riders ya Stanley Nelson ya mwaka 2010, kuhusu mabasi mengine kabisa, yale ya wapinzani wa ubaguzi wa rangi ya mwaka 1961. Mngechagua ipi?

Mpenda Picha

Mwalimu, mimi nachagua Magic Trip bila kusita, kwa sababu picha zake kuu zilipigwa na wasafiri wenyewe, wakiwa njiani, kabla ya mtu yeyote kujua kwamba safari ile ingekuja kuhesabiwa miongoni mwa mianzo ya enzi ya mahipi, vijana wale walioyakataa maisha ya wazazi wao. Watazame vizuri: nywele za wengi wao ni fupi, baadhi wamevaa fulana za mistari yenye rangi za bendera ya taifa lao, na wanafanana na wanachuo walio likizoni. Mwanafunzi ambaye picha yake ya miaka ile ni umati wa tamasha la muziki la Woodstock la mwaka 1969 ataona jinsi mambo yalivyoanzia mahali pengine kabisa.

Hata hivyo, waeleze mapema jinsi filamu hiyo ilivyotengenezwa. Kesey na wenzake walirudi na saa nyingi mno za filamu ya milimita 16 pamoja na kanda za sauti, lakini hawakuwa mafundi wa sinema. Kamera na kinasa sauti havikwenda kwa kasi moja, na hawakuwa na desturi ya kuweka alama ya kuoanisha picha na sauti, kwa hiyo miaka ikapita wakihangaika kuihariri kazi hiyo. Gibney na Ellwood hawakuwaketisha wazee mbele ya kamera ili waukumbuke ujana wao, kama ilivyozoeleka katika filamu za aina hii. Walitumia sauti zilizorekodiwa zamani, na mwigizaji Stanley Tucci akawa msimulizi anayewauliza maswali. Kwa hiyo maneno anayoyasikia mtazamaji, mara nyingi, si yale yaliyosemwa ndani ya basi siku ile.

Sehemu iliyonigusa zaidi haimo ndani ya basi. Miaka michache kabla ya safari, Kesey alijitolea katika majaribio ya dawa kwenye hospitali ya wanajeshi wastaafu huko Menlo Park, ambayo baadaye yalikuja kujulikana kuwa yaligharimiwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Sauti yake akieleza anachokiona baada ya kupewa LSD, dawa inayomfanya mtu aone maono, imo, nayo imewekewa michoro inayotembea. Hapo ndipo unapoelewa kwamba dawa iliyokuja kuitwa silaha ya waasi ilipitia kwanza mikononi mwa serikali. Mwaka 1964 kuitumia halikuwa kosa. California iliipiga marufuku Oktoba 1966.

Binti wa Maktaba

Shikamoo Mwalimu. Ninaiheshimu filamu hiyo, lakini nisingekiacha kitabu nje. Wolfe hakuwamo safarini. Alimfikia Kesey mwaka 1966, baada ya Kesey kukimbilia Mexico kwa sababu ya kesi ya bangi na kurudi akakamatwa, kisha akaijenga safari upya kutokana na mahojiano, kanda na zile picha zenyewe. Pamoja na hayo, kitabu kinafika mahali ambapo kamera, iliyoshikwa na watu waliolewa, inapita haraka.

Nitataja tukio moja. Wakiwa New Orleans, wasafiri hao weupe waliingia kuogelea katika Ziwa Pontchartrain, kwenye ufuo uliotengwa kwa ajili ya watu weusi, bila kutambua walipo. Katika mwezi huohuo wa Juni, James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner waliuawa Mississippi kwa sababu ya kazi ya kuwaandikisha watu weusi kupiga kura. Mtu anayetaka kuzungumzia uhuru wa basi la Kesey lazima aseme pia ni nani aliyeweza kusafiri Kusini mwa Marekani kwa mzaha namna hiyo na akabaki salama.

Msafiri wa Tanga

Hoja hiyo ya Dada inanipeleka moja kwa moja kwa Freedom Riders. Kundi la kwanza la watu 13, weusi kwa weupe, liliondoka Washington tarehe 4 Mei 1961, na siku kumi baadaye basi lao moja likachomwa moto nje ya Anniston, Alabama. Filamu ya Nelson inamwonyesha mwanamke aliyekuwa na umri wa miaka 12 siku ile, mtoto mweupe wa hapo jirani, akisimulia jinsi alivyobeba maji kwenda kuwanywesha waliokuwa wakikohoa moshi kwenye nyasi, huku umati ukimwangalia. Kwangu, dakika hizo zina uzito kuliko rangi zote zilizopakwa kwenye basi la Kesey.

Mpenda Picha

Uzito sikatai, ndugu yangu, ila swali la Mwalimu ni jingine. Wasafiri wa mwaka 1961 walidai sheria ifuatwe, kwa kuwa Mahakama Kuu ya Marekani ilikwisha kuamua mwaka 1960 kwamba ubaguzi katika vituo vya mabasi yanayovuka majimbo haukubaliki. Walitaka nafasi ndani ya nchi yao. Kesey na wenzake walikuwa na nafasi hiyo tangu kuzaliwa, nao wakaondoka ndani yake. Magic Trip pia haiwatukuzi: inamwonyesha mwanamke mmoja kati yao akipoteza akili njiani, akaishia hospitali huko Houston, na basi likaendelea bila yeye. Hapo ningesimamisha filamu na kuwapa wanafunzi muda wa kuzungumza.

Mwalimu wa Zamu

Marahaba, Binti wa Maktaba, na ninawashukuru nyote. Nimeamua kuionyesha Magic Trip yote na kusimama Houston kama nilivyoshauriwa. Kabla yake nitaonyesha dakika 20 za Anniston kutoka Freedom Riders, kwa kuwa ndizo za mwanzo kwa tarehe, na kurasa za Wolfe kuhusu New Orleans watazisoma nyumbani. Tutabakiwa na karibu saa moja ya mjadala.

Binti wa Maktaba

Mpangilio huo umekaa vizuri. Tafuta nakala yenye maandishi chini ya picha, Mwalimu, kwa sababu dereva wa basi lile, Neal Cassady, anazungumza kwa kasi mno huku akiendesha, na wanafunzi wasipoyafuata maneno yake hawatajua kwa nini mwandishi Jack Kerouac alimfanya mhusika mkuu wa riwaya yake.